Mama akijifungua, kodi inarudi? Likizo ya uzazi, PAYE na pesa unayoweza kudai

Swali hili huzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya walimu na wauguzi wa Mbeya kila mara mmoja wao anapokaribia kujifungua: eti ukienda likizo ya uzazi, TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, wanakurudishia kodi? Hakosekani wa kuapa kwamba kuna mtu anamfahamu karudishiwa. Ukifuatilia, mara nyingi huyo mtu kweli yupo, ila yuko Uingereza: wifi ya fulani, muuguzi, aliondoka miaka mingi na sasa anatuma picha za mtoto akiwa kwenye kigari.

Wifi hadanganyi. Kule, malipo ya uzazi yanayopitia kwa mwajiri ni asilimia 90 ya wastani wa mshahara kwa wiki 6 za mwanzo, kisha kwa wiki 33 zinazofuata hushuka hadi kiwango maalumu cha wiki, ambacho kwa mtu mwenye mshahara wa kawaida ni kidogo kuliko alichozoea. Malipo hayo yanatozwa kodi. Lakini kodi ya mshahara kule huhesabiwa kwa kujumlisha tangu mwaka wa kodi unapoanza, tarehe 6 Aprili, na kila mtu ana pauni 12,570 za mwaka zisizoguswa na kodi. Kwa hiyo mshahara ukianguka katikati ya mwaka, hesabu inajirekebisha yenyewe: makato yanapungua, na miezi mingine mwajiri anarudisha sehemu ya kodi iliyokwisha kukatwa. Mama anaona pesa imeongezeka, anawaambia ndugu zake wa Soweto, Mbeya, na ndugu wanaibeba habari nusu.

Huku kwetu Tanzania mambo yamepangwa kwa namna nyingine kabisa, na tofauti inaanzia kwenye mshahara wenyewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mpigo. Yenye malipo maana yake mshahara uleule. Haushuki hadi nusu wala hadi kiwango maalumu. Na kwa kuwa haushuki, kodi nayo haishuki. Sheria ya Kodi ya Mapato inauhesabu mshahara wa likizo kuwa mapato ya ajira kama mshahara wa mwezi mwingine wowote. Hakuna msamaha kwa sababu umejifungua, na hakuna cha kurudishwa, maana hakuna kilichozidi.

Tuchukue mfano wa mwalimu wa shule binafsi hapa jijini, mshahara shilingi 900,000 kwa mwezi. Kwanza unaondoka mchango wake wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 10, yaani 90,000. Mchango huu hutolewa kabla ya kodi, kwa hiyo kinachotozwa PAYE, kodi ya mapato anayoikata mwajiri kwenye mshahara, ni 810,000. Viwango vya PAYE vinasema hivi: 270,000 za mwanzo hazitozwi chochote, kuanzia hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, hadi 760,000 ni asilimia 20, hadi 1,000,000 ni asilimia 25, zaidi ya hapo asilimia 30. Ukipanda ngazi hizo hadi 760,000 unakuwa umeshafikisha kodi ya 68,000. Zinabaki 50,000 za kutozwa asilimia 25, ambazo ni 12,500. Jumla 80,500. Mwalimu anaondoka na 729,500, kabla ya Bodi ya Mikopo kuchukua chake kama alisomeshwa na serikali.

Mwezi akiwa darasani, 80,500. Mwezi akiwa nyumbani ananyonyesha, 80,500. Muuguzi wa serikali hesabu yake ni hiyohiyo, tofauti ni kwamba mchango wake unakwenda PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, na ni asilimia 5.

Sasa pesa ya kudai inatoka wapi? Inatoka kwenye mwezi usio na mshahara, au mshahara uliolipwa kwa mpangilio mbovu. Hayo ndiyo ya kuyatazama kwa makini, kwa sababu yanawapata wanawake wengi kuliko tunavyodhani.

Mwezi usio na mshahara

Haki ya likizo yenye malipo ina mipaka ambayo mtu huigundua tumbo likiwa tayari kubwa. Aliye kazini kwa muda usiofika miezi 6 bado hajaifikia, ingawa mfanyakazi wa msimu anayerudi kwa mwajiri yuleyule na vipindi vyake vikajumlishwa kuzidi miezi 6 ndani ya mwaka, naye anahesabiwa. (Wachuma chai wa Mufindi na Rungwe walishike hili. Ni rahisi kuambiwa wewe ni kibarua tu.) Siku 84 ni za mzunguko wa miezi 36, kwa hiyo aliyejifungua tena haraka ndani ya mzunguko uleule hana haki ya malipo mapya, isipokuwa mtoto akifariki kabla ya kutimiza mwaka, hapo sheria inaongeza siku 84 nyingine zenye malipo. Na mwajiri analazimika kulipia likizo nne tu kwa mfanyakazi mmoja. Ya tano ni hiari yake.

Halafu wapo wanaolipwa siku zao 84 zote, zinaisha mtoto akiwa na miezi miwili na nusu, dada wa kazi hajapatikana, bibi yuko Tukuyu na mgongo unamsumbua, na baridi ya Juni imeshafika. Anaunganisha siku 28 za likizo ya mwaka, ambazo nazo zina malipo na mwajiri haruhusiwi kuzimeza ndani ya zile za uzazi. Zikiisha hizo, anaomba likizo bila malipo. Wengine wanaacha kazi.

Hawa ndio kodi yao inaweza kuwa imezidi. Kodi ya mapato ni ya mwaka, Januari hadi Desemba. Ile jedwali ya mwezi niliyoitaja ni ya mwaka iliyogawanywa kwa 12: isiyotozwa ni 3,240,000 kwa mwaka, ngazi ya asilimia 8 inaishia 6,240,000, ya asilimia 20 inaishia 9,120,000. Mwajiri anapokukata 80,500 mwezi Januari anakuchukulia kama mtu atakayelipwa hivyohivyo hadi Desemba. Usipolipwa hadi Desemba, zile 270,000 za kila mwezi ambazo hazitozwi zinakuwa zimepita bila wewe kuzitumia.

Turudi kwa mwalimu wetu. Amelipwa miezi 9, mitatu hakulipwa. Mapato yake ya mwaka yanayotozwa kodi ni 810,000 mara 9, yaani 7,290,000. Kodi halali ya mwaka: asilimia 8 ya 3,000,000 ni 240,000, zinabaki 1,050,000 za asilimia 20, ambazo ni 210,000. Jumla 450,000. Lakini ameshakatwa 80,500 mara 9, ambazo ni 724,500. Zimezidi 274,500. Kwa Mbeya hiyo ni miezi kadhaa ya kodi ya chumba, na mama mwenye mtoto mchanga haiachi hivihivi akijua ipo.

Kwa mwenye mshahara mdogo picha ni tofauti kidogo. Chukua karani wa duka la pembejeo Chimala, mshahara 350,000. Ukitoa NSSF zinabaki 315,000. Kodi ni asilimia 8 ya 45,000 inayozidi, yaani 3,600 tu. Akikosa miezi mitatu, mapato ya mwaka yanakuwa 2,835,000, chini kabisa ya kiwango cha kutozwa, kwa hiyo kila alichokatwa kilizidi. Kila alichokatwa ni 32,400. Akianza kupanda basi kwenda Mbeya mjini mara mbili tatu na mtoto mgongoni, zitaishia kwenye nauli na chipsi. Haki ni haki, lakini kwa kiasi hicho mimi ningemshauri amalizane na mhasibu wa kazini kwake kwa simu, asihangaike zaidi. Na wachuma chai wengi mshahara wao hauifikii hata hiyo 270,000. Hawajawahi kukatwa PAYE, basi hawana cha kurudishiwa.

Mshahara uliolimbikizwa

Hili la pili silisikii likizungumzwa kabisa, na ndilo linalonikera zaidi, kwa sababu mama anakuwa amelipwa kila senti aliyostahili na bado anapunjwa.

Mwajiri, tuseme shule, hana pesa mwezi Mei. Walioko darasani wanalipwa kwanza. Aliyeko likizo anaambiwa avumilie. Juni hivyohivyo. Julai ada za wanafunzi zinaingia na mama analipwa miezi mitatu kwa pamoja. Anashukuru Mungu. Ukiichukua ile karatasi ya mshahara na kushuka mstari kwa mstari utaona: mshahara ghafi 2,700,000, NSSF 270,000, PAYE 557,000.

Mama mmoja alimwekea mhasibu wake karatasi ya namna hii mezani. "Kaka, mbona kodi imekula mwezi mzima wa watu?"

"Madam, mfumo ndio unakokotoa. Pesa nyingi, kodi nyingi."

"Lakini si nyingi. Ni mishahara yangu ileile mitatu."

Madam alikuwa sahihi. Mfumo umeichukua 2,430,000 kama kipato cha mwezi mmoja: 128,000 kwa milioni ya kwanza, kisha asilimia 30 ya 1,430,000 iliyobaki. Lakini ile ni mishahara mitatu, kila mmoja ungekatwa 80,500, jumla 241,500. Zimekatwa 315,500 zaidi. Mhasibu anayejua kazi yake anaugawa mshahara kwenye miezi unayohusika, au anarekebisha makato ya miezi inayofuata ili ifikapo Desemba jumla ilingane na kodi ya mwaka. Asiyejua anabonyeza tu. Uzuri wa kesi hii ni kwamba bado mko ndani ya mwaka uleule na bado uko kazini, hivyo inaweza kusawazishwa kwenye mishahara ya Agosti na kuendelea bila mtu kuandika barua kwenda popote. Ukinyamaza hadi mwaka ufungwe, njia inakuwa ndefu.

Njia hiyo ndefu ni kuomba marejesho TRA. Mwajiriwa ambaye kipato chake chote ni mshahara wa mwajiri mmoja anayemkata PAYE halazimiki kupeleka ritani, yaani taarifa ya mapato na kodi ya mwaka. Ni nafuu kubwa, lakini ina upande wa pili: kwa kuwa hakuna ritani, hakuna mtu TRA anayekaa na kulinganisha ulichokatwa na ulichopaswa kukatwa. Hakuna mashine itakayokutumia ujumbe. Ni wewe uombe, kwa maandishi, ukiwa na TIN yako, namba ya mlipakodi, na ushahidi.

Ushahidi mkubwa ni karatasi za mshahara za miezi yote ya mwaka husika, pamoja na hati ya makato. Hati hii wengi hawajawahi kuiona. Sheria inamtaka mwajiri ampe kila mfanyakazi hati inayoonyesha alicholipwa na kodi aliyokatwa kwa mwaka, isizidi tarehe 30 Januari ya mwaka unaofuata. Na ukiacha kazi katikati ya mwaka, ndani ya siku 30 tangu ulipoacha. Ongeza barua inayoonyesha likizo yako bila malipo ilianza lini na kuisha lini. Kama pengo limevuka mwaka, tuseme Novemba hadi Januari, hiyo ni miaka miwili ya kodi na inahesabiwa mbalimbali.

Tahadhari moja kwa aliyeacha kazi na kuanza nyingine mwaka huohuo, au mwalimu anayefundisha shule mbili: ajira ya pili hukatwa kodi kwa kiwango cha juu, asilimia 30. Hakikisha mwajiri mpya anajua kwamba ya kwanza imekwisha, na mpe ile hati. La sivyo unaweza kukatwa kama mtu mwenye mishahara miwili wakati una mmoja.

Fao la uzazi ni pesa nyingine

Huku ndiko mazungumzo mengi yanakopotelea. Mtu anasema "nimepata pesa ya uzazi" na msikilizaji anadhani ni kodi imerudi, kumbe ni fao la uzazi la NSSF. Fao linatolewa na Mfuko kwa mwanachama aliyechangia angalau miezi 36, na 12 kati ya hiyo iwe ndani ya miaka mitatu kabla ya kujifungua. Linakokotolewa kwa wastani wa mshahara wake kwa wiki 12, na baina ya fao moja na jingine inapita miaka mitatu, isipokuwa mtoto amefariki. Linalipwa na Mfuko, halipiti kwenye orodha ya mishahara ya mwajiri, kwa hiyo usitegemee kuliona kwenye mstari wa PAYE wala usimruhusu mhasibu aliingize humo.

Kuna waajiri wanaomwambia mama: nenda likizo, NSSF watakulipa. Wajibu wa kutoa likizo yenye malipo umewekwa kwa mwajiri na Sheria ya Ajira. Fao linatokana na michango yako na lina masharti yake. Ukijikuta hujalipwa mshahara wa likizo unaostahili, usipoteze muda TRA, hilo haliwahusu. Ni la Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ambayo ina ofisi Mbeya na Iringa. Muda wake ni mfupi: siku 60 kwa madai ya namna hii, na siku 30 kama umeachishwa kazi. Mama aliyejifungua kwa upasuaji pale hospitali ya Meta anaweza kuzimaliza siku 30 kabla hajaweza kuinama vizuri, hivyo atume mtu aulize mapema.

Na kabla ya yote hayo kuna notisi. Sheria inataka umjulishe mwajiri angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya kujifungua, ukiwa na cheti cha daktari. Wapo wanaoficha mimba kazini kwa kuogopa macho ya watu au kijicho, ninawaelewa, lakini ficho hilo ndilo mwajiri mkorofi hulitumia baadaye. Ukishatoa notisi unaweza kuanza likizo wakati wowote kuanzia wiki 4 kabla ya tarehe.

Na yule wa Uyole?

Wanawake wengi wa nyanda hizi hawana mwajiri. Wanauza viazi Uyole, mitumba Mwanjelwa, mchele wa Kyela kwa vipimo. Hawana PAYE, ila wana kodi ya makadirio, inayopangwa kwa mauzo ya mwaka, na kujifungua kunaigusa kwa njia ambayo wauzaji wengi hawaitumii.

Mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi 4,000,000 hatozwi. Kati ya hapo na 7,000,000, kuna njia mbili. Asiyetunza kumbukumbu analipa 100,000, awe amefungua kibanda mwaka mzima au nusu. Mwenye kumbukumbu analipa asilimia 3 ya mauzo yanayozidi 4,000,000. Muuza viazi anayeuza 550,000 kwa mwezi anafikisha 6,600,000 kwa mwaka, kodi yake kwa kumbukumbu ni 78,000. Akifunga miezi mitatu kwa ajili ya uzazi, mauzo yanakuwa 4,950,000 na kodi 28,500. Jirani yake asiye na daftari, naye kafunga miezi mitatu ileile, bado ni 100,000. Tofauti ya 71,500 imetokana na daftari la kurasa mia lenye tarehe, idadi ya madebe na bei.

Makadirio hulipwa kwa awamu nne, kila robo ya mwaka, na kadirio linaweza kurekebishwa mwaka ukiwa unaendelea. Anayejua atajifungua Agosti aende ofisi ya TRA mwezi Juni, kabla ya awamu ya pili, aseme mauzo yatashuka na aonyeshe daftari lake. Akisubiri hadi Desemba atakuwa ameshalipa awamu tatu kwa kadirio la mtu aliyekuwa sokoni kila siku, na hapo atajikuta kwenye foleni ileile ya kuomba marejesho pamoja na madam wa shule.